Bado Masaa Sita

Kibosho, Moshi
Jumapili, 16 Juni 2024

Mzee Bakili,

Shikamoo.

Utashangaa kupokea bahasha kwa mkono wa kondakta wa basi wakati ulizoea nikupigie simu. Simu nimeizima tangu siku ile ya uzinduzi, na laini nimemwachia dada yangu Caroline pale Upanga. Niko huku kwenye nyumba ya marehemu bibi. Kuna ukungu na baridi, na kutwa nachuma kahawa na wajomba zangu ambao, namshukuru Mungu, hawajaiona filamu.

Nisamehe kwa kuondoka bila kukuaga. Ulikuwa umeketi safu ya mbele na kanzu yako nyeupe, na mimi, muongozaji mzima, nikatokea mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku.

Nilidhani tumefanikiwa, Mzee. Nusu ya kwanza watu walitulia. Helikopta zilipopita juu ya bandari kuna mama alishika kifua. Kisha ukatokea wewe, Profesa wangu, ukutani nyuma yako ile saa kubwa ya tarakimu nyekundu inasomeka 19:40, ukatamka kwa sauti ambayo nchi nzima iliijua kwenye michezo ya redio: "Lango linafunguka saa nane usiku! Zimebaki dakika ishirini!"

Halafu mtu mmoja wa safu za nyuma akapaza sauti: "Profesa, nenda kale kwanza, bado masaa sita!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Na kila uliporudia ile saa nane walikuwa wanahesabu. Mwishoni, shujaa wetu anapojitupa ndani ya mtambo kuliokoa jiji, kuna waliokuwa wamelala chini kwa kicheko, machozi yanawatoka.

Miaka minne, Mzee. Mtambo wa chuma uliojengwa na mafundi sabini, wataalamu wa picha za kompyuta kutoka nchi tatu, mabango kila kona ya mji: "Ukingo wa Sifuri, filamu ambayo Bongo haijawahi kuiona." Kweli hawakuwahi kuiona, na hawataiona. Jana wameiondoa kwenye kumbi zote.

Wenye fedha walitaka maelezo, nikawapa machache ya kuwatuliza. Ukisikia maneno maneno huko Kariakoo usiyajali. Waandishi huandika wanachotaka.

Mwanao,
Hillary


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
Jumamosi, 22 Juni 2024

Kwako Hillary,

Marahaba. Bahasha imefika, inanuka moshi wa kuni. Idi tumeila salama, alhamdulillahi, na duka limefunguliwa. Mafundi cherehani hawana sikukuu ndefu, wanataka vifungo na zipu.

Unaniambia nisiyajali maneno. Nikueleze basi ninavyoyajali. Jumatano alikuja mama mmoja kununua nyuzi. Akaniuliza, "Mzee, unafunga saa ngapi?" Nikamjibu, saa kumi na mbili. Akasema, "Ya kwako au ya kwetu?" Mtaa mzima ukaangua kicheko. Ignasi, fundi wa kibaraza cha mbele, mtu niliyekunywa naye kahawa miaka ishirini, alicheka mpaka futi ikamtoka shingoni. Bajaji nazo zimeshabandikwa karatasi nyuma: BADO MASAA SITA. Vijana wa Kariakoo hawalali kwenye biashara.

Na kinachonikera ni kwamba wananicheka kwa Kiswahili kibovu. Saa haina wingi wa masaa. Ingawa ukisema "bado saa sita" mtu atadhani unangoja adhuhuri, kwa hiyo nakubali kwamba hapo mtaa una hoja yake.

Hukuniuliza maoni yangu juu ya filamu, lakini mzee haulizwi, hujisemea. Ni kubwa, Hillary. Ni kubwa kama nyumba ambayo fundi amesahau kuweka choo. Kwa saa mbili nzima hakuna mtu hata mmoja anayemsalimu mwenzake. Shujaa anaingia kwa mama mkwe wake, hamjui hali, anamwambia tu mtambo umewashwa. Yule adui wako amevaa koti la ngozi Dar es Salaam, mwezi wa pili, wala hatoki jasho. Na Kariakoo yako haina anayeuza wala anayenunua. Uliwaondoa watu barabarani ili helikopta ipendeze, ukabaki na majengo. Jiji lenyewe likipotea, mtazamaji atamlilia nani?

Haya ni makosa ya kawaida, kujikwaa si kuanguka. Ningeyaacha hapo.

Ila juzi binti yangu Zamzam alinisomea gazeti. Limeandika kwamba muongozaji Hillary amewaeleza wafadhili kuwa kosa la saa lilitokana na mwigizaji mkongwe kuchanganya maneno, kwa sababu ya umri. Zamzam alipofika hapo kwenye umri alisita, nikamwambia asome tu.

Unajua mimi si mtu wa mali. Nilichonacho ni ulimi. Nilitoka Lindi na ulimi, ukanilisha redioni miaka ishirini na saba. Bi Severa wa ile kampuni ya vitabu alikuwa ameniita nisome masomo ya Kiswahili ya darasa la pili, watoto wa nchi nzima wayasikilize. Tulipanga kuanza mwezi wa saba. Jana amenipigia na kusema tusubiri upepo upite, maana wazazi watauliza vipi mzee asiyejua saa awafundishe watoto wao.

Basi nakuuliza swali moja, unijibu kwa mkono wako. Hillary, niliyachanganya?

Bakili


Kibosho
Ijumaa, 28 Juni 2024

Mzee wangu Bakili,

Shikamoo.

Hukuchanganya. Ulisema nilichoandika, herufi kwa herufi.

Nimeanza barua hii mara nne. Mara tatu za kwanza nilikuwa naeleza kwanza jinsi nilivyobanwa, ndipo nikiri. Nimezichana zote, kwa sababu kila nikizisoma naona mtu anayetafuta huruma yako.

Ilikuwa hivi. Hadithi niliiandika kwa Kiingereza nikiwa bado chuoni ughaibuni. Lango linafunguka 8:00 usiku, muda ambao kwetu maduka yanafungwa na watu wanarudi nyumbani. Nilipokuja kuitafsiri niliona nane nikaandika nane. Mimi, mtoto aliyekuwa akiamshwa na mama saa kumi na moja alfajiri kwenda shule, nikasahau saa ya kwetu inavyohesabiwa. Sikuisoma tena. Niliona Kiswahili ni lugha ya nyumbani, haihitaji kusomwa mara mbili. Waliounganisha picha ni wageni, wanasoma tafsiri iliyoandikwa chini, na kwao tarakimu zilikubaliana na ukutani.

Kikao cha wafadhili kilikuwa Jumatatu baada ya uzinduzi. Walikuwa saba mezani. Mmoja akauliza, "Hili la saa ni la nani?" Nilifungua mdomo kusema ni langu. Kilichotoka ni jina lako. Sikulipanga, Mzee, naapa, lakini lilipotoka nikaona nyuso zao zimelainika, wakatikisa vichwa, "Aa, mzee, bwana, umri." Na mimi nikatikisa kichwa pamoja nao. Hapo ndipo ninapopaonea aibu zaidi. Uongo ulinitoka kwa woga, lakini kichwa nilikitikisa kwa raha.

Halafu nikakuandikia barua ile ya kwanza, nikijua, nikakuambia waandishi huandika wanachotaka.

Ijumaa ijayo nitakuwa Dar. Kuna redio moja imekuwa ikimtafuta Caroline, inataka kunihoji. Nitasema yote hewani, kwa jina lako na jina langu. Ulipata heshima yako kwenye redio, nitairudisha kwa njia ya redio.

Mwanao, kama bado unaruhusu,
Hillary


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
Jumanne, 9 Julai 2024

Kwako Hillary, kwa mkono wa dada yako Caroline, Upanga,

Marahaba.

Nilikusikiliza Ijumaa. Mtaa mzima ulikusikiliza, Ignasi alifungulia redio mpaka mwisho. Ulisema vizuri, hukuzunguka. "Kosa ni langu, nilitafsiri vibaya, Mzee Bakili alisoma nilichoandika, na nilipoulizwa nilimsingizia." Nilikuwa nahesabu vifungo, vikanimwagika.

Kisha ukamsikia yule mtangazaji? "Vijana mpo? Hayo ndiyo malezi! Kijana amebeba aibu ya mzee wake!" Nawe ukasema, hapana, si hivyo. Akasema, "Na unyenyekevu juu!" Wakaanza kupiga simu. Mama wa Mbagala akakuombea dua. Mchungaji mmoja akasema atakuhubiri Jumapili, jinsi ulivyomsitiri mzee.

Hakuna aliyekuamini, mwanangu. Kadiri ulivyokiri ndivyo walivyozidi kukupenda. Wewe sasa ni mtoto mwenye adabu, na mimi ni mzee ninayefichiwa aibu.

Kicheko nilikuwa nimeanza kukizoea. Sasa wananisalimu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefiwa. Jumamosi Beno wa duka la saa alikuja na kiboksi, akakiweka mezani, akasema, "Mzee, zawadi. Hii ni ya mishale, haina tarakimu, haitakusumbua." Alikuwa anamaanisha wema kabisa. Nikamshukuru. Alipoondoka nikaketi nyuma ya marobota ya bitana, mahali ambapo wateja hawanioni, nikalia. Mara ya mwisho nililia alipofariki mama yake Zamzam.

Bi Severa hajapiga. Nimesikia amemwita msomaji mwingine kwa majaribio.

Sikulaumu kwa hili. Umefanya ulichoahidi.

Bakili


Upanga
Alhamisi, 11 Julai 2024

Mzee wangu,

Shikamoo.

Naandika nikiwa Upanga, dakika kumi kwa bajaji mpaka dukani kwako, na bado naandika. Jana nilifika hadi kona ya Mtaa wa Msimbazi. Bajaji iliyokuwa mbele yetu ilikuwa na ile karatasi nyuma. Nikamwambia dereva ageuze.

Watu wananisimamisha barabarani kunipa mkono. Msichana mmoja wa duka la dawa alikataa kunitoza, eti kwa sababu nimemheshimu mzee. Nilimwambia siyo kweli. Akatabasamu. Nimepata nilichokuwa nakitafuta miaka minne, watu kunipenda, na kila mkono ninaoupokea nauona umechukuliwa mfukoni mwako.

Ila kuna njia moja. Maneno hayakutosha, basi tuwaonyeshe karatasi. Andiko lililo kwenye kompyuta yangu halisaidii, watasema nimelibadilisha jana ili nikufunike. Lakini nakala za waigizaji nilizisaini mwenyewe kila ukurasa kwa kalamu ya kijani, zisivuje. Nyingine zote nilizikusanya zikachanwa. Yako hukurudisha, na wewe ni mtu usiyetupa karatasi. Ukurasa wa arobaini na moja una "saa nane usiku" iliyopigwa chapa, na saini yangu pembeni, na tarehe. Hapo hakuna mtangazaji wa kunigeuzia.

Mpe Caroline ukurasa huo mmoja tu, nitaufikisha gazetini na kwa Bi Severa.

Najiuliza ilikuwaje watu wote wale wasione. Walioona labda waliniogopa, nilikuwa mkali siku zile. Lakini wewe nakujua. Wewe ungeona usingeninyamazia hata sekunde. Basi hata sikio kama lako lilipitiwa, na hilo linanifariji kidogo.

Mwanao,
Hillary


Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo
Jumamosi, 20 Julai 2024

Mwanangu Hillary,

Marahaba.

Umengoja ukurasa siku tisa na hujanisukuma, ahsante. Nimeuambatanisha. Kabla hujaufunua, soma kwanza haya.

Juu ya neno "nane" utaona mstari wa penseli. Pembeni kuna neno "mbili" na alama ya kuuliza. Huo ni mwandiko wangu, na niliuandika kabla hujaanza kupiga picha hata moja.

Unakumbuka siku tuliyosoma andiko kwa mara ya kwanza, kwenye ule ukumbi wa kukodi Mchafukoge? Nilikuja na penseli sikioni. Andiko nilikuwa nimelimaliza nyumbani, nimeweka alama zangu, na nilikuwa na furaha kama bwana harusi. Ukurasa wa sita palikuwa na "masaa", nikakukatiza, nikasema, muongozaji, sema saa. Ukanijibu mbele ya vijana ishirini na kitu, "Mzee, hapa si redio ya zamani. Soma kilichoandikwa." Wakacheka. Wewe umesahau, nadhani, maana kwako lilikuwa neno la kupita.

Tulipofika arobaini na moja nilisita. Nililiona kosa, Hillary. Nililiona kama ninavyoliona hili duka. Moyo ukasema, mwambie. Moyo mwingine ukasema, soma kilichoandikwa. Nikaukunja ukurasa ili wa pembeni asione penseli, nikasoma nane.

Nikaisema hiyo nane mbele ya kamera mara saba, siku saba tofauti, na kila siku nikiitamka vizuri zaidi. Nilikuwa na miezi mitano ya kukwambia. Ulinipa chai, ulinifungulia mlango wa gari, siku niliyoumwa mgongo ulisimamisha kazi ya watu tisini. Bado nikanyamaza. Nilitaka uanguke. Sikufikiri kwamba ukianguka utaniangukia mimi.

Na nikwambie la ndani kabisa. Siku ya uzinduzi, yule mtu wa nyuma alipopaza sauti, nilifurahi. Mungu anisamehe. Muda wa pumzi mbili nilifurahi. Halafu nikainua macho, nikaona uso wanaoucheka ni wangu.

Kisha nikakuandikia barua ile ya "niliyachanganya?", nikakubana kwa swali kama hakimu, penseli yangu mwenyewe iko kabatini. Mzee mzima. Ulipokiri nikaipokea toba yako kama haki yangu, sikukurudishia yangu. Ningeendelea hivyo, ila ukaandika kwamba ningeona nisingekunyamazia. Hilo lilinichoma. Matusi ya mtaa hayakunifikisha hapo.

Ningeweza kuifuta penseli. Nilishika kifutio, sikufichi. Karatasi ingekuwa safi, wewe mwenye kosa, mimi mzee aliyeonewa, na kazi ya watoto ningeirudia. Lakini mficha uchi hazai.

Juzi Alhamisi nimekwenda mwenyewe kwa Bi Severa. Nikamwekea ukurasa mezani. Akaona saini ya kijani, akaona nane, akafurahi. "Kwa hiyo kweli kijana alisema kweli! Mzee, tumekukosea sana." Nikamwambia, atazame na ile alama ya penseli. Akatazama. Akavua miwani. Akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema, nilijua. "Ukanyamaza?" Nikasema, nilinyamaza, kwa sababu alinidharau.

Ni mama mpole, hakunipandishia sauti. Akaniuliza, "Mzee Bakili, mtoto wa darasa la pili naye atakudharau siku moja. Akikosea mbele yako, utafanyaje?"

Nikauchukua ukurasa wangu mezani, nikasimama.

Kazi amempa yule mwingine. Nimemsikia akijaribu sauti mlango wa pili, anasoma vizuri, ingawa anameza mwisho wa maneno. Nimerudi kwa miguu hadi Kariakoo. Safari hii nimenyimwa kwa kosa langu mwenyewe, si kwa lako, na nimegundua kwamba hilo naweza kulibeba.

Ukurasa upeleke gazetini ukitaka, na penseli yake ionekane. Watu wachague wenyewe wamcheke nani. Ignasi nimeshamwonyesha. Hakucheka. Amesema, "Mzee, wewe ni mbaya," kisha akaninunulia kahawa.

Nimekusamehe. Nisamehe na mimi. Na acha kugeuza bajaji kwenye kona, njoo dukani, mchana, watu wakiwepo.

Utaandika filamu nyingine, najua, ugonjwa huo hauponi. Ukimaliza usiniletee nafasi ya kuigiza. Niletee andiko nilisome kwanza na penseli yangu. Na nikikwambia umekosea, mwanangu, safari hiyo unyamaze wewe.

Bakili bin Salum